Kinyozi Aliyenyoa Chuma

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi, na pale mtaani hakuna aliyebisha. Mtoto aliyepiga mayowe tangu mlangoni kwa kuogopa mashine ya kunyolea alitulia mara tu mkono ule ulipomgusa shingoni, na wengine walisinzia kabisa. Kichwa kilichotoka kwake kilikuwa laini hivi kwamba wateja walitania eti nzi akitua pale atateleza avunjike mguu. Hakupenda kuona alama. Akimaliza kunyoa alizunguka kiti, akainama, akapitisha kidole gumba nyuma ya sikio, na akikuta kinywele kimoja tu kimesimama, mteja alirudishwa kitini hata kama ameshavaa kofia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, mwaka wa ishirini na sita sasa. Lakini raha yake ilikuwa kuchomelea vyuma.

Raha hiyo ilimwanza ukubwani, kama surua inavyomwanza mtu mzima, na kwa hiyo ilimshika vibaya. Miaka miwili nyuma bawaba ya geti la nyumbani ilikatika. Akaja fundi, akashusha ngao usoni, cheche zikaruka, na kabla chai haijapoa vyuma viwili vilikuwa kimoja. Kinyozi alisimama mdomo wazi. Mwezi uliofuata alirudi nyumbani na mashine ya kuchomelea iliyokwishatumika, nzito, watu watatu waliishusha. Tangu siku hiyo kila Jumatatu, siku ambayo duka lake hufungwa, uani kwake palinuka moshi na chuma cha moto.

Mkewe hakuwa na Jumatatu ya kupumzika. Mchana akirudi kazini alianua nguo zote kwenye kamba hata kama bado mbichi. Alijaza ndoo mbili za maji, moja kila pembe ya ua. Alimwingiza mjukuu wao wa miaka minne ndani, akatundika shuka zito dirishani ili mtoto asiutazame ule mwanga unaochoma macho. Halafu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mikono mapajani, akifuata kila cheche mpaka izimike. Alikuwa mama wa namna hiyo. Alijua ngazi ipi inacheza, waya upi umechubuka, na mtoto wa nani ana tabia ya kutia shanga puani. Mumewe alimwita Zimamoto. Naye hakukasirika, kwa sababu siku moja cheche ilidondokea ndani ya ndala ya huyo huyo mumewe, na ndoo iliyomwokoa kidole ilikuwa yake.

"Mama watoto," kinyozi alisema siku ile akirukaruka kwa mguu mmoja, "umenimwagia ndoo nzima kwa kidole kimoja."

"Ningemwaga zote mbili ungejua."

Vitu alivyotengeneza vilikuwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Kulikuwa na kibao cha kuwekea viatu, meza ndogo ya maua, na kigoda. Majirani walikuja kuvitazama, wakavigeuza juu chini wakitafuta vilipoungwa, wasipaone. Siri ilikuwa grenda, ile mashine ya mkono yenye jiwe la kusagia. Fundi akichomelea, pale vyuma vinapokutana hubaki tuta, yaani mstari wa chuma kilichoyeyuka kikaganda. Mafundi wengi huliacha. Kinyozi hakuweza. Kwake tuta lilikuwa ndevu. Alilinyoa, akalinyoa tena, akapitisha kidole gumba, akanyoa mara ya mwisho, ndipo akapaka rangi. Palikuwa laini kama shavu.

Mjomba wa mkewe alipokalia kigoda, miguu miwili iliachia, mjomba akaenda chini na sahani yake. Kinyozi hakushtuka. "Mjomba ana kilo mia na ushee," alisema. "Hata tembo tunampa gogo, hatumpi kigoda." Watu walivunjika mbavu, mjomba mwenyewe akiwamo, na habari ikaishia hapo.

Sasa, dada yake kinyozi alikuwa na shule ya chekechea mtaa wa pili, vyumba viwili na uwanja wa mchanga, watoto thelathini na wanne. Mke wa kinyozi alifanya kazi pale kwa wifi yake huyo. Kazi yake ilikuwa kuwachunga watoto wakati wa mapumziko, na hakuna aliyeifaa zaidi. Mjukuu wao naye alisoma pale. Ilipokaribia siku ya wazazi, wifi alimwendea kaka yake.

"Kaka, uwanja wangu umekaa kama jangwa. Nifanyie bembea."

"Ya viti vingapi?"

"Viwili. Na iwe nzuri, wazazi waone."

"Nzuri!" alisema kinyozi, kama mtu aliyetukanwa. "Dada yangu, wazazi watatafuta mahali nilipochomelea mpaka watoto wamalize darasa la saba."

Jumatatu tatu alifanya kazi. Alikata mabomba kwa msumeno wa chuma, akayasimamisha, miguu miwili huku, miwili kule, na bomba nene juu likiwa mgongo. Akachomelea, akanyoa, akapaka rangi ya bluu. Jumatatu ya tatu jioni bembea ilikuwa imesimama uani, imenyooka na kung'aa, na haikuwa na alama hata moja. Alitundika gunia la mchanga kwenye mnyororo, likaning'inia nusu saa. Halikutikisa kitu.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Kilo hamsini. Mjukuu wako ana ngapi? Kumi na tano. Jumamosi atakuwa wa kwanza kupanda, mbele ya wazazi wote."

Mkewe alisema ni nzuri, na alisema kweli.

Jumanne asubuhi alitoka na kitambaa kuipangusa vumbi. Alipofika juu, pale mguu wa kushoto unapokutana na lile bomba la mgongo, kitambaa kilinasa. Alivuta ngazi akapanda akasogeza uso. Kwenye rangi ya bluu kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba.

"Baba watoto! Njoo uone."

Kinyozi alikuja na mswaki mdomoni. Akatazama, akatema povu pembeni. "Ni rangi hiyo. Rangi ikikauka haraka inapasuka. Nitaigusa kidogo."

"Una hakika ni rangi?"

"Mimi ndiye niliyechomelea, mama watoto, au ni wewe?"

Akaenda zake kazini. Siku nzima shuleni mkewe aliwatazama watoto wakikimbia kwenye mchanga, na kila alipofumba macho aliona bembea ikiwa juu, kiti kimejaa, na ule mguu wa kushoto ukiachia. Alimwona mjukuu wake kwenye kiti hicho. Mtoto yule hakuwa na woga hata kidogo, angepaa akicheka. Alikumbuka pia kigoda cha mjomba, na safari hii hakucheka.

Jumatano hakusubiri. Aliomba ruhusa ya kutoka mapema, akapita nyumbani, akachukua kile kibao cha viatu. Mguu wake mmoja ulikuwa umelegea tangu wiki iliyopita. Aliukata kwa msumeno pamoja na pale ulipoungwa, akautia ndani ya kikapu, akaufunika kwa mboga. Kwa nini aliufunika hata yeye hakujua. Labda aliona kama anamsema mumewe njiani.

Akaenda kwa fundi wa mageti pale kona. Huyu alikuwa binti wa miaka kama ishirini na minane, mabega mapana, suruali imejaa vitundu vya moto, na watu wote walimwita Cheche.

"Karibu, mama. Geti limekatika tena?"

"Geti ni zima. Nimekuletea mguu."

"Wa kuku?"

"Ungekuwa wa kuku ningeupika nyumbani." Akatoa kile chuma chini ya mboga. "Nataka uniambie ukweli. Hii imeshika au haijashika?"

Cheche alikigeuza kwenye mwanga, akapapasa. "Nani kafanya? Mbona safi kuliko zangu?"

Mama wa watu alipumua. Lakini Cheche alikwisha kukibana chuma kwenye jiliwa, lile koleo kubwa lililofungwa mezani, akachukua nyundo, akampa.

"Piga."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye mwenye wasiwasi? Piga kama kimekutukana."

Akapiga, kwa adabu. Kikalia kama kengele. Akapiga mara ya pili, sasa kwa nguvu, na kipande kikaruka kikagonga ndoo ya bati ukutani. Walitazamana. Cheche alikiokota, akakipuliza vumbi, akamwonyesha mahali kilipovunjikia.

"Ona hapa, mama. Unaona mistari hii midogo?"

"Naiona. Kama meno ya kitana."

"Hiyo ni alama ya msumeno. Msumeno aliokatia bomba. Kama moto ungeingia hapa ndani, mistari hii ingeyeyuka. Bado ipo kama alivyoikata. Kilichokuwa kimeshika ni ngozi tu ya juu." Akaona mama hajaelewa vizuri, akaweka viganja viwili ubavu kwa ubavu. "Hivi ni vipande viwili vya mkate. Umepaka siagi juu, imevishika. Halafu amekuja mtu na kisu, akaikwangua siagi ili mkate uwe laini. Kimebaki nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Ni kibao cha viatu tu lakini, si hatari."

"Na kama ni bembea?"

Cheche aliacha kutabasamu. "Ya watoto?"

"Alitundika gunia la mchanga, halikuanguka."

"Gunia limetulia, mama. Mtoto hatulii. Bembea inavuta huku, inavuta kule, mara mia kwa siku. Ngozi itachanika kidogo kidogo."

Mama alivitia vile vipande viwili kikapuni, akashukuru, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Njiani alipanga maneno. Alijua mumewe ni mtu mzuri na kichwa kigumu, vyote viwili, na alijua hakuna jambo linalomuuma kama kuambiwa mkono wake umekosea. Lakini Jumamosi ilikuwa siku tatu tu mbele.

Dukani alimkuta akimnyoa ndevu dereva wa lori, upande mmoja umekwisha, mwingine bado povu tupu. Kwenye benchi muuza magazeti alikuwa akisoma biashara yake mwenyewe akisubiri zamu. Yale maneno yote aliyoyapanga yalimpotea. Aliweka vipande viwili vya chuma kwenye meza ya kioo, katikati ya vitana na mafuta ya nywele.

Kinyozi alivitambua mara moja. "Kibao changu kimefanya nini?"

"Kimevunjika. Nyundo mbili."

"Nani kakipiga?"

"Mimi. Kwa Cheche."

Muuza magazeti alishusha gazeti.

"Umekwenda kwa Cheche," kinyozi alisema polepole. "Umechukua kazi yangu, ukaipeleka kwa binti ambaye baba yake namnyoa mimi, ikapigwe nyundo."

"Baba watoto, tazama ndani. Alama za msumeno zipo. Moto haujaingia."

"Kazi yangu inajulikana! Mahali nilipochomelea mimi hapaonekani hata kwa darubini!"

"Labda hapaonekani kwa kuwa hapapo, bosi," alisema dereva kutoka chini ya povu.

Muuza magazeti alijificha tena nyuma ya gazeti, na gazeti likaanza kutikisika. Kinyozi hakucheka. Aliufuta wembe, akaufunga, akauweka mezani.

"Siwezi kunyoa nikiwa na hasira. Nitamkata mtu."

"Na mimi?" dereva aliuliza, akishika shavu. "Nusu hii niende nayo wapi?"

"Twende nayo nyumbani kwangu. Njooni wote mshuhudie. Nitaipiga ile bembea mbele yenu, na ikisimama, mama watoto, nataka uniombe radhi kwa sauti."

"Ikisimama nitakuomba radhi kwa kipaza sauti," alisema mkewe. Na Mungu ni shahidi, alitamani isimame.

Wakaongozana barabarani: kinyozi mbele na aproni yake, mkewe na kikapu, muuza magazeti, na dereva wa lori amejifunga taulo shingoni, shavu moja jeusi na jingine jeupe, akiwapungia mkono waliokuwa wakimcheka.

Uani kinyozi alichukua nyundo, akapanda ngazi, akapiga palepale penye ufa. Bembea ikalia, ikatulia. Akageuka akamtazama mkewe. Akapiga ya pili. Kimya. Tabasamu likaanza kumrudia. Akapiga ya tatu, na rangi ya bluu ikamwagika chini kama maganda ya yai. Ya nne hakuipiga kwa nguvu hata; ni kama alisita hewani. Mguu wa kushoto ulitoka, ukaanguka kwenye maua, na mgongo wote ukainama upande mmoja, minyororo ikagongana.

Kinyozi alishuka ngazi, akaliendea lile bomba, akaligeuza mdomo wake kwenye jua. Mistari ya msumeno ilikuwa pale, midogo, imepangana vizuri. Akageuza ndoo moja ya mkewe, maji yakamwagika, akaikalia.

"Ningempandisha Jumamosi," alisema. "Mjukuu wangu. Mbele ya watu, nikipigiwa makofi."

Mkewe alikuwa na maneno ya kutosha kifuani, ya siku mbili nzima. Aliyaacha humohumo. Akamwekea mkono begani.

"Hukumpandisha."

"Ni wewe uliyeona ule ufa. Mimi niliuona nikauita rangi."

Dereva alikohoa. "Bosi, nisamehe utani wa dukani. Lakini nimalizie ndevu, halafu tukamwite huyo Cheche. Leo ni Jumatano tu."

Kinyozi alimmalizia ndevu palepale uani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama kawaida. Kisha akaandika kwenye ubao wa duka: NIMEFUNGA MPAKA JUMAPILI, NAJIFUNZA. Watu walidhani anajifunza kuendesha gari.

Cheche alifika Alhamisi asubuhi, na mke wa kinyozi alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili. Aliitazama mashine kabla ya kitu chochote, akakuta kitufe cha kupandisha na kushusha moto kipo chini kabisa.

"Mzee wangu, nani aliweka hapa?"

"Mimi. Siku za kwanza moto ulikuwa unanitobolea bomba. Nikashusha, nikashusha, mpaka likaacha kutoboka."

"Na hukupandisha tena?"

"Niliona kazi inatoka safi, nikaacha hapohapo."

"Moto huo unatosha kuwasha sigara," alisema Cheche, akachora mstari wa chaki juu zaidi. "Hapa. Ukitoboa, umetoboa, tutaziba. Bora utoboe kuliko uogope."

Halafu akamwonyesha. Asigonganishe bomba na bomba yakabanana kama milango miwili. Achonge kingo zilale, aache nafasi ya kupita ukucha, ili moto ushuke mpaka chini. Asugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, kutu na rangi viondoke. Asikimbize fimbo ya kuchomelea. Atazame kidimbwi cha chuma kinachoyeyuka, kikishika kingo zote mbili ndipo asogee.

"Kama povu," alisema kinyozi. "Lazima liguse ngozi, si ndevu tu."

"Sasa umenena."

Kinyozi alichomelea kipande cha kwanza, na kabla hajainua ngao mkewe alikwishakimbilia ndoo akakimwagia maji. Pssss!

"Mama!" Cheche alipiga kelele. "Unafanya hivyo siku zote?"

"Siku zote. Mtoto asije akagusa akaungua."

"Usikipoze ghafla! Chuma kikitoka motoni ukakimwagia maji kinaweza kuwa kigumu halafu kikavunjika kama biskuti. Kiache kipoe chenyewe."

Sasa zamu ya mama kutazama chini. Miaka miwili ya Jumatatu, na ndoo yake. Kinyozi alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Kumbe Zimamoto naye ana mkono wake katika jambo hili!"

"Haya, cheka."

"Sicheki. Nafurahi tu kwamba sikuanguka peke yangu."

Wakapatana. Ndoo zikae, ziwe za nguo na vidole, si za vyuma. Na mtoto azuiwe kwa kamba iliyozungushiwa mahali pa kazi, si kwa maji. Kazi ya mama sasa ilikuwa nyundo. Cheche ndiye aliyeamua. "Wa kuvunja awe mama. Mzee ataionea huruma kazi yake."

Cha kwanza kilivunjika kwa pigo moja, kile kilichomwagiwa maji. Cha pili mapigo matatu, lakini ndani mistari ya msumeno ilibaki nusu tu. Cha tatu kilitoboka hata kabla ya nyundo. Kinyozi alichomelea, akangoja kipoe, mkewe akapiga, wote watatu wakainama kutazama ndani kama watu wanaotazama kisima, na kila walipoinuka mmoja alitikisa kichwa. Chakula cha mchana kilipita hakuna aliyekumbuka. Mama alikuwa hajui kwamba kuvunja kitu kunaweza kumpa mtu raha namna ile. Alikunja mikono ya gauni. Alianza kuzungumza na vyuma: "Haya wewe, njoo tuone." Mumewe alimtazama kwa pembeni, nusu kwa hofu.

Kipande cha nane kilikataa. Alipiga mpaka kiganja kikafa ganzi. Bomba lenyewe lilijikunja kama kiwiko, rangi yake ya zamani ikabanduka, lakini pale lilipoungwa pakabaki vilevile.

"Piga tena," alisema Cheche.

"Nimepiga. Limegoma."

Cheche aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kwa namna nyingine. "Mzee, hiki hata mimi ningekitia sahihi."

Kinyozi alikichukua mkononi kikiwa kimepinda vile, kibaya, kimejaa matuta, na hakukiweka chini mpaka jioni. Lakini mkewe alimtaka arudie. Kimoja si hoja, alisema. Wakafanya vingine vitano, na nyundo haikukishinda hata kimoja, ndipo akaruhusu bembea iguswe.

Ijumaa ilipita kwenye bembea. Maungio yote yalikatwa, yakachongwa, yakachomelewa upya. Kila moja lilikaguliwa na mama kwa macho na kidole, na mawili aliyoyatilia shaka yalikatwa yakarudiwa bila ubishi. Alasiri wifi alipita kuona mali yake. Alisimama getini akashika kiuno.

"Kaka! Mbona imeota vipele?"

"Ni matuta, dada."

"Jumatatu niliona kitu kama kioo hapa. Wazazi wanakuja kesho. Watasema tumeokota jalalani! Si una ile mashine yako ya kulainisha? Pitisha kidogo tu."

"Wifi," alisema mke wa kinyozi, "ilikuwa laini, lakini mguu ulitoka."

"Ulitoka lini? Hakuna aliyeniambia! Na sasa mmeshaurekebisha, si ndiyo? Basi kulainisha kidogo kutaua nani? Kaka, kidogo tu."

Kinyozi alimtazama dada yake. Akaitazama bembea. Ukweli ni kwamba matuta yale yalimwasha tangu asubuhi. Mara tatu mkewe alimwona akipitisha kidole gumba juu yake na kukunja uso. Sasa aliiendea grenda, akaichukua, akachomeka waya. Jiwe likaanza kulia. Mkewe alisimama pale alipo, roho mkononi. Alitaka kupiga kelele, lakini alijiambia kwamba kama ni yeye atakayemzuia leo, basi kesho na keshokutwa atakuwa anamzuia, na hawezi kukaa kizingitini maisha yake yote.

Kinyozi aliinama chini, kwenye sehemu ya miguu ambapo mikono midogo ingeshika. Vitone vya chuma vilivyorukia pale wakati wa kuchomelea vilikuwa na ncha kali. Akavigusa kimoja kimoja, tss, tss, tss, mpaka vikaisha. Matuta hakuyagusa. Akazima, akachomoa waya, akaukunja, akampa mkewe.

"Ficha hii mpaka Jumapili. Najijua."

"Na vipele?" wifi aliuliza.

"Vipele vitabaki, dada. Nikivinyoa, mtoto wa mtu ataanguka. Ukitaka laini, njoo dukani nikunyoe wewe."

Wifi alicheka mpaka akashika geti. "Basi angalau mpake rangi ya bluu," alisema. Rangi ilikuwa tayari kwenye kopo.

Jumamosi, kabla wazazi hawajafika, bembea ilikuwa imesimama kwenye mchanga wa shule, miguu imechimbiwa na kufukiwa kwa zege la haraka tangu Ijumaa jioni. Mke wa kinyozi alitaka ijaribiwe na watu, si gunia. Dereva wa lori alipanda kiti kimoja, wifi kiti cha pili, na Cheche akaning'inia katikati, kwenye bomba la mgongo, kwa mikono miwili. Kinyozi akawasukuma. Minyororo ililia, mchanga ukaruka, wifi akapiga vigelegele kama msichana. Mke wa kinyozi hakuwatazama wao. Alisimama chini ya ungio la kushoto, kichwa juu, akalitazama mpaka shingo ikamuuma.

Wazazi walipokuja, watu waliisifu bembea kwa ukubwa wake, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kwa nini haikulainishwa. Kinyozi alimweleza. Alimweleza kwa marefu na mapana, na mikate na siagi ndani yake, mpaka yule mzazi akatafuta pa kukimbilia.

Mjukuu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kabla ya kukaa alishika mguu wa bembea, akakuta tuta, akalipapasa.

"Babu, hapa pana nini?"

"Hapo ndipo nilipochomelea."

"Panaonekana!"

"Ndiyo," alisema babu yake. "Panaonekana."

Bibi akamweka kwenye kiti. "Shika mnyororo kwa mikono miwili. Miwili, nimesema. Usiachie hata ukiwashwa pua." Akamsukuma kidogo, kiasi cha kutikisa pindo la gauni la mtoto tu. Mtoto alikwenda hatua moja, akarudi.

"Bibi, juu!"

Akamsukuma tena kidogo. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Kinyozi alisimama pembeni, mikono mfukoni, akimtazama mkewe tu.

"Bibi! Juu zaidi!"

Bibi akainua macho kwenye ungio la kushoto, mara moja, harakaharaka. Kisha akavua ndala, akakanyaga mchanga vizuri, akamsukuma mjukuu wake kwa mikono yote miwili.